Naomba ushauri: somo la historia ya aiskrimu na ndoo ya barafu

Ndugu wanachama, habari za majukumu. Ninafundisha shule ya msingi na ninaandaa somo la historia ya aiskrimu, ambamo ningependa wanafunzi waitengeneze wenyewe bila umeme, kwa njia ambayo Nancy Johnson wa Marekani aliipatia hataza (haki rasmi ya uvumbuzi) mwaka 1843: chombo cha maziwa na sukari huzamishwa katika ndoo yenye barafu na chumvi, kisha mchanganyiko hukorogwa kwa mpini wa kuzungusha. Chumvi huilazimisha barafu kuyeyuka ikiwa chini ya nyuzi sifuri, nayo hunyonya joto la maziwa mpaka yagande.

Nimejaribu kwa sufuria ndogo ndani ya ndoo ya plastiki, kwanza kwa chumvi laini, kisha kwa chumvi ya mawe. Maziwa yanashika ukingoni, lakini katikati yanabaki kama uji, na ukionja unasikia chenga za barafu zikivunjika menoni.

Naomba kuuliza mambo mawili. Je, nitumie chumvi kiasi gani kwa kilo moja ya barafu, na nifanyeje ili aiskrimu iwe laini? Pili, kwa kuwa kisa cha msafiri Marco Polo kuileta aiskrimu Ulaya kutoka China hakina ushahidi, na mimi sipendi kuwafundisha watoto hekaya kana kwamba ni historia, je, inafaa nianzie Napoli, Italia, ambako Antonio Latini aliandika mapishi ya sorbeti (kitindamlo kilichogandishwa) ya maziwa mwishoni mwa karne ya 17?

Natanguliza shukrani.