Naomba ushauri: hoteli ndogo Palermo, siku tatu na mama mwenye magoti mabovu

BintiChumbageni
Asalaam aleikum, habari zenu nyote.

Mama yangu amekuja kunitembelea huku Dortmund, Ujerumani, kutoka Tanga na anarudi nyumbani mwanzoni mwa Novemba. Wiki ya mwisho ya Oktoba nimepata likizo ya siku nne, nimeamua kumpeleka Palermo, kule kisiwa cha Sicilia, Italia. Visa yake ni ya Schengen, kwa hiyo upande huo hakuna tatizo. Mama amezaliwa kando ya bahari, na wiki sita bila kuona maji ya chumvi zimemchosha kuliko baridi. Pia marehemu baba alikuwa akimsimulia kwamba Waarabu walitawala kisiwa kile zamani, naye anataka kuona kilichobaki.

Kinachonisumbua ni hoteli. Sitaki jengo la vyumba mia tatu. Huyu ndiye aliyeuza vitumbua mpaka nikamaliza uuguzi, nataka alale mahali pa heshima: nyumba ya zamani, vyumba vichache, mwenyeji anayekusalimu kwa jina asubuhi. Bajeti yangu ni euro 160 kwa usiku, chumba kimoja chenye vitanda viwili. Nimebakiza tatu.

Ya kwanza iko karibu kabisa na Quattro Canti, njia panda ya mji wa kale. Ni jumba la kabaila fulani wa zamani, vyumba tisa, dari zimechorwa malaika na maua. Picha zake zilinitoa machozi. Ya pili iko mtaa wa Kalsa, upande wa baharini, ina ua wa ndani na mchungwa katikati. Ya tatu iko karibu na ukumbi wa Politeama, sehemu mpya ya mji. Ni safi, lakini chumba chake ungekikuta hata hapa Dortmund.

Mama ana miaka 71. Ngazi anapanda moja moja akishika ukuta. Nguruwe hagusi, wala chochote chenye pombe. Ndege yetu inatua saa nne usiku. Moyo unanivuta kwenye ile ya kwanza. Mnaoujua mji huo, nisaidieni kabla sijalipa.

Rehema_Torino
Dada, waalaikum salaam. Nimeishi Palermo miaka minne kabla ya kuhamia huku kaskazini. Hiyo ya kwanza usiilipie mpaka wakujibu swali moja: kutoka mlango wa barabarani mpaka kitandani kuna ngazi ngapi? Wape neno hilo hilo, ngazi. Usiwaulize ni ghorofa ya ngapi.

Majumba yale yalijengwa kwa matajiri wenye magari ya farasi. Chini walikaa farasi na mizigo. Juu yake kuna ghorofa fupi waliyolala watumishi, kisha ndipo unafika makazi ya bwana mwenyewe, Waitaliano wanaita piano nobile. Dari za huko zinafika mita tano na zaidi. Kwa hiyo tangazo litaandika "ghorofa ya kwanza" na hawatakuwa wamedanganya, lakini mama atapanda ngazi hamsini au sitini. Na dari zilizochorwa ziko huko huko, kwa sababu hakuna aliyemchorea farasi malaika.

Lifti nazo zilikuja baadaye sana, zikabanwa pale palipopatikana nafasi. Nyingine inaanzia kwenye kituo cha kwanza cha ngazi, yaani unapanda vidato kumi na tano ndipo uikute. Nyingine inabeba watu wawili wembamba bila sanduku.

Halafu kelele. Via Maqueda na Corso Vittorio Emanuele, zile barabara mbili zinazokutana Quattro Canti, zina sehemu zilizofungwa magari na watu wamekaa nje mpaka usiku mwingi. Soko la Vucciria ni jirani, na pale vijana wanapiga muziki hadi karibu na alfajiri. Soko la Ballarò nalo lina wachuuzi wanaonadi kwa sauti toka asubuhi, wenyewe wanaita abbanniata. Mchana utaipenda sauti ile, ila siyo ukiwa umelala.

KijanaWaMvita
Mimi nitapingana na Dada Rehema kidogo, kwa heshima. Mtu wa magoti anahitaji zaidi ya lifti. Anahitaji kitanda kilicho karibu wakati wa mchana. Nilimpeleka mamangu Napoli mwaka juzi, nikachagua hoteli nzuri yenye lifti mbali na kila kitu. Kila tukitoka ilibidi tukae nje kutwa, kwa vile kurudi kupumzika na kutoka tena kulikuwa safari. Siku ya pili alikataa kutoka kabisa, nikala chakula cha jioni peke yangu huku yeye yuko chumbani. Niliumia sana.

Ukiwa katikati, anaona kitu kimoja asubuhi, analala adhuhuri, anaona kingine alasiri. Hiyo ya Politeama mimi ningeitoa kwanza.

Na lifti yenyewe usiiamini hivi hivi. Kule Napoli jengo letu lilikuwa na lifti inayotaka senti kumi kila ukipanda. Tulifika usiku na noti tupu mfukoni.

FundiWaMjiMkongwe
Nimekaa mapokezi miaka kumi na moja katika hoteli ndogo hapa Unguja, Mji Mkongwe. Sijafika Palermo, lakini nyumba unazozieleza nazijua, maana zetu ni ndugu zake: nyumba ya tajiri, ua katikati, ngazi za mbao zilizosimama wima. Chumba bora kila mara kiko juu kabisa, kwa sababu ya upepo na ya kuona bahari. Mgeni anachagua kwa picha, na picha haionyeshi vidato.

Mwaka mmoja alikuja bibi wa Kijerumani na mwanawe. Walishalipa chumba cha juu, na hoteli ilikuwa imejaa. Tulimpandisha vijana wawili, yeye kakaa kwenye kiti, na mimi nilikuwa mmojawapo. Alikuwa akitabasamu ili mwanawe asijisikie vibaya, lakini mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Siku tatu hakushuka ila mara mbili. Tangu siku hiyo kila anayeuliza chumba kwa ajili ya mzee, mimi humwambia idadi ya vidato kabla ya bei.

Fanya hivi. Waandikie wenyewe moja kwa moja, usipitie mtandao wa kuhifadhi vyumba. Waambie una mama wa miaka 71, magoti mabovu. Waombe mtu achukue simu apige video kutoka mlango wa barabara mpaka ndani ya chumba chenu, siyo chumba cha mfano. Hoteli ya vyumba tisa inaweza kufanya hivyo kwa dakika tatu. Wakikataa, umeshajua watakavyokuhudumia.

Uliza pia dirisha linatazama wapi. Ua wa ndani unakukinga na barabara, lakini vikombe vya chai vikigongana saa moja asubuhi utavisikia kama viko kitandani. Na hiyo saa nne usiku mpaka mtoke uwanjani ni saa tano na kitu. Hoteli ndogo nyingi hazina mtu usiku, wanakutumia namba ya kufungulia mlango kwenye simu. Wewe na mama mgonjwa, gizani, mnabonyeza namba kwenye mji msioujua? Wakuahidi kwa maandishi kwamba kutakuwa na mtu.

MzeeWaPangani
Mwanangu, umechagua mji wenye maneno ya kwetu. Palermo ilikuwa mikononi mwa Waislamu tangu mwaka 831 hadi Wanormani, wapiganaji Wakristo kutoka Ufaransa, walipoitwaa mwaka 1072. Hiyo Kalsa unayoitaja ni al-Khalisa, ngome ya amiri, na ndani yake limo neno letu "halisi". Kuna kasri liitwalo Zisa, ni al-Aziza, jina la shangazi zetu. Leo ni makumbusho ya sanaa ya Kiislamu.

Mfalme Ruggero wa Pili wa Sicilia, Mkristo, alimweka Sharif al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu, kwenye baraza lake, na mwaka 1154 al-Idrisi akakamilisha kitabu chake cha jiografia. Humo imetajwa Malindi, imetajwa Mombasa. Mwambie mama kwamba pwani yetu iliandikwa katika mji ule karibu miaka mia tisa iliyopita.

Kanisa Kuu lina ukumbi wa mbele upande wa kusini. Nguzo ya kushoto imechongwa aya ya Qurani, sura ya Al-A'raf, aya ya 54. Iko nje, mnaisimamia karibu. Kikanisa cha Palatina kilicho ndani ya kasri la wafalme kina dari ya mbao ya mafundi wa Kiislamu, mfano wake ni nadra duniani. Nendeni mapema, na msiende Jumapili asubuhi, wana misa.

BintiChumbageni
Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nimemsomea mama ujumbe wa Mzee mara mbili, hiyo ya Malindi akataka mara ya tatu.

Nimeandikia zote kama alivyosema Fundi. Ya Quattro Canti wamejibu kwa upole: ngazi 58, na lifti hawana. Wala hawakuficha, nilikuwa sijauliza tu. Ya Politeama: lifti, vidato vinne. Ya Kalsa wametuma video. Vidato 11 vyenye mkono wa chuma, chumba kinatazama ua, na mwenye nyumba anakaa pale pale, atatusubiri. Euro 145.

Dada Rehema, Kalsa usiku pakoje? Na kula je?

Rehema_Torino
Chukua ya Kalsa, nimefurahi mno. Zamani mtaa ule ulikuwa na sifa mbaya, na bado utaona magofu ya mabomu ya Vita vya Pili, lakini leo familia zinatembea na watoto jioni. Karibu hapo kuna Piazza Marina yenye mti mkubwa ajabu, mizizi yake inashuka kutoka matawini ikawa nguzo. Mama akae chini yake, pana mabenchi. Ukivuka barabara unaingia Foro Italico, uwanja wa majani kando ya bahari, wote tambarare. Kuogelea ni ufuo wa Mondello, siyo pale.

Viatu vya mpira unaoshika. Mitaa imetandikwa mawe wanayoyaita balate, yamelainishwa na nyayo za karne nyingi, na mwisho wa Oktoba mvua zimeanza. Yakilowa yanateleza kama sabuni.

Kula: panelle ni unga wa dengu uliokaangwa, mama atasema ni bhajia. Lakini uliza kikaango kina nini, maana wengine hukaangia vitu vingi pamoja. Arancina, donge la wali lililokaangwa, ya nyama mara nyingi ina nguruwe, ya siagi kwa kawaida nayo ina nguruwe, tafuta ya spinachi. Cannolo, kitamutamu cha mrija chenye jibini, unakipenda kwa macho, lakini ganda lake la asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe na mvinyo. Samaki kila mahali. Msikiti upo mji wa kale, Piazza Gran Cancelliere, lilikuwa kanisa wakapewa Watunisia.

Waandikie "due letti singoli", vitanda viwili mbalimbali. Ukiandika "doppia" tu waweza kukuta kitanda kimoja kikubwa. Pasipoti ya mama iwe ya asili, siyo nakala, kwa sababu kila hoteli Italia inawaandikisha wageni polisi. Kodi ya wageni ya mji mnalipa pale pale, kwa kila mtu kwa kila usiku, haimo kwenye bei. Na tangu 2025 kila tangazo la malazi sharti lionyeshe namba ya usajili, CIN. Lisilokuwa nayo usilipie.

KijanaWaMvita
Kalsa mpaka Quattro Canti ni mwendo mfupi, basi nimekubali. Mpe mama salamu zangu.

BintiChumbageni
Tumerudi jana, alhamdulillah.

Mwenye nyumba alikuwa mlangoni saa tano na nusu usiku na taa mkononi, ni mwanamke wa makamo. Alimshika mama mkono wa pili, tukapanda vidato 11 watatu kwa pamoja bila neno hata moja la lugha moja. Vitanda viwili, mashuka ya pamba nzito, kimya. Kweli vikombe vilisikika asubuhi, mama akasema vinamkumbusha nyumbani.

Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria ni bafu. Bomba la kuogea liko ndani ya beseni refu, ukingo wake unafika magotini. Hilo lilinitia hofu kweli. Mwenye nyumba alileta kigoda cha plastiki cha kuweka ndani na kingine nje, nikamwogesha mama mwenyewe siku zote tatu. Mtakaokwenda na wazazi, video ya chumba iingie na bafuni.

Tulirudi kupumzika kila adhuhuri, Kaka wa Mvita alisema kweli. Panelle alikula mbili akauliza pilipili iko wapi. Zisa hatukufika, mvua ilitukatalia.

Ile nguzo tuliiona siku ya pili. Maandishi ni ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu, mimi sikuweza kusoma hata herufi moja, na mama naye hakuweza. Nikamwambia ni Al-A'raf, aya ya 54. Akaweka kiganja kwenye jiwe, akafumba macho, akaisoma yote kwa moyo hadi mwisho, kwa sauti ile ya madrasa aliyotufundishia sisi. Watu wawili waliokuwa wakipiga picha walishusha simu zao wakasubiri.

Jina la hoteli nimeshamtumia Mzee, anasema naye anajiandaa. Wengine wanaolitaka waniandikie pembeni.