Kupeleka imbwa ku muchanga: Dar, Samfya ao Kalemie?

MamaBobi: Jambo bandugu. Mu vakansi tunataka kutoka Lubumbashi na batoto, na Bobi pia, imbwa yetu ya miaka 4, hatutamuacha na sentineli. Batoto banalilia bahari ya kweli, Dar, lakini bwana yangu anasema Samfya, kule Zambia ku ziwa Bangweulu, iko karibu na muchanga yake ni muzuri, na shemeji ye ni Kalemie tu. Bobi hajaonaka mayi kupita ile ya muto Kafubu. Nani amekwisha kuenda na imbwa?

Shofere_Kasumba: Mama, njia ya Dar minaijua, karibu kilomita 2,000, Kasumbalesa, kisha Nakonde na Tunduma, Mbeya, Iringa, Morogoro. Na imbwa hesabu siku 3 ao 4. Mipaka ni mbili, Zambia na Tanzania, na kila inchi inataka ruhusa yake ya kuingiza imbwa, papie ya veterinere, munganga wa banyama, na chanjo ya kichaa cha imbwa yenye ilichomwa mwezi moja mbele, musiende kuichoma siku ya safari. Tena barabara inapita katikati ya pori ya Mikumi, kama kilomita 50, tembo na twiga biko pale pale, Bobi asishuke hata kukojoa.

KasongoWaKenya: Kalemie ni muzuri, ziwa Tanganyika iko na muchanga na mayi yake haina chumvi. Lakini mamba iko, kiboko iko. Miye imbwa siwezi kumuachilia pale. Na njia yenyewe mama, na batoto... hapana.

YayaLuapula: Miye ni Samfya. Unapita Mokambo, unafuata ile barabara ya pediko, kipande ya Congo yenye inaingia ndani ya Zambia, mpaka daraja ya Chembe, njo unaingia Zambia, halafu Mansa, basi. Mupaka moja tu! Muchanga yeupe inaenda mbali, mayi ya Bangweulu ni tamu, imbwa anakunywa vile anaoga. Yetu alikimbia paka akalala mu gari mpaka asubuyi. Papie ni lazima na huko, na mbele ya kumuachilia muulize bavuvi fashi gani iko salama, mamba haikosi mu Bangweulu, bale banajua kila kona.

Binti_Kigamboni: Shikamoo mama. Mimi wa L'shi (Lubumbashi) ila nimeolewa Dar, nina mbwa wawili. Kama mnakuja, jueni bahari si ziwa, maji yanakupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, tofauti inapita mita 3. Asubuhi unamwona mbwa anacheza kwenye fungu la mchanga mbali kabisa, ukigeuka maji yameshazunguka nyuma yake. Chumvi nayo, akinywa anatapika na kuharisha, nimekesha na wangu usiku mzima, kwa hiyo bebeni maji yasiyo na chumvi na bakuli na mumsuuze akitoka. Saa 6 mchanga unaunguza, weka kiganja chako, ukishindwa wewe na yeye hawezi, sisi tunatoka alfajiri au baada ya saa 11. Halafu kitu ambacho kwetu L'shi hatukijui, Waislamu wengi huku mate ya mbwa ni najisi, akimgusa mtu amevaa kanzu anakwenda msikitini umemtia kazi kubwa ya kujitwaharisha. Kamba shingoni, na mtu akipita mvute mbwa upande wako. Mimi nafanya hivyo na majirani zangu tunaishi vizuri sana.

MamaBobi: Asanti sana mudogo wangu, ile ya kanzu sikuijua hata kiloko, na Bobi anapendaka kurukia bantu kwa furaha. Sasa mayi inarudi mbio vile?

Binti_Kigamboni: Inachukua kama saa 6 kutoka kupwa mpaka kujaa, ila ufukwe ukiwa tambarare unaona kama inakukimbiza. Uliza wavuvi wa hapo, wanazijua saa zake.

Shofere_Kasumba: Mama, anza na Samfya. Kama Bobi anatapika mu gari mpaka Mansa, Dar hatafika muzima.

MamaBobi: Njo vile tata. Siku ya kwanza tunaenda kwa veterinere, chanjo yake iliisha mwaka jana. Batoto balilia kiloko lakini nimebaambia bahari itangoja. YayaLuapula, pale Samfya mulilala mu hema ao mu nyumba, na imbwa balimukubali?

YayaLuapula: Hema. Kwa nyumba uliza mbele, bengine banakataa.