Mrejesho: ile jurnali (taarifa ya habari) ya moja kwa moja, tuliimaliza

Wandugu ba Bukavu, nimerudi. Niliwaulizaka namna gani mwanafunzi anaweza simamia jurnali ya televizyo ya dakika 10, moja kwa moja, bila kupotea. Yule alisema nisome maandiko yote kwa sauti na saa mkononi, aksanti sana, ndiyo iliniokoa. Repotaji ya soko ya Kadutu haikufika (montaji, ni kusema kukata na kuunga picha, ilikuwa ingali inaendelea, sekunde 40 zimebaki zamu yake ifike!), basi nikamwambia mtangazaji kwa kile kisikilizio cha sikioni apite kwanza kwa michezo, Kadutu nikaisukuma nyuma, meteo (hali ya hewa) nikaikata yote. Jasho, mama yangu! Tulimaliza sekunde 6 zingali zimebaki, mtangazaji anapangapanga tu makaratasi. Profesa anasema makelele yangu yalisikika mpaka koridoo.