Mrejesho: Bonaire, mbizi yangu ya kwanza

Wakuu, niliuliza kati ya visiwa vya Karibi, Cozumel (Mexico) na Bonaire, ni wapi panamfaa mtu ambaye ndiyo kwanza anajifunza kupiga mbizi na mtungi. Niliwasikiliza wa Bonaire, na mlisema kweli. Cozumel mkondo unakubeba. Huku unaingia majini kwa miguu yako, unatafuta tu mawe ya njano yenye majina ya sehemu za mbizi kando ya barabara.

Kilichonitesa ni masikio, wala si woga. Mwalimu alinishika mkono tukashuka taratibu, nabana pua na kupuliza. Yakianza kuuma tunapanda kidogo, tunasubiri. Halafu nikamsikia samaki pono akitafuna tumbawe, kru kru, kabla hata sijamwona!

Kwa atakayefuata: kisiwa ni cha Uholanzi ila pesa ni dola ya Marekani. Ada ya hifadhi ya bahari lipa mapema. Glavu majini haziruhusiwi, msibishane. Ndani ya gari usiache kitu. Na siku ya mwisho usizame: baada ya mbizi za mfululizo subiri angalau saa 18 ndipo upande ndege. Mimi nilishinda Kralendijk, mji mkuu wa kisiwa, napunga upepo, nakula samaki kwa bei ya kuliza.