Uingereza inakata misaada, na hiyo inayobaki nyingine inaliwa hukohuko kwao. Mnasemaje?

Wakuu salaam. Naona kwenye ishu ya misaada kila mtu anamshambulia Trump tu, ila Uingereza nayo imo. Februari 2025 waziri mkuu wao Keir Starmer alitangaza misaada inashuka toka asilimia 0.5 ya pato la taifa mpaka 0.3 ifikapo 2027, hela iende kwenye ulinzi, waziri wake wa maendeleo Anneliese Dodds akaachia ngazi kwa hilo. Na sheria yao wenyewe ya 2015 inasema 0.7!

Ila kukata siyo kinachoniuma, hela ni zao. Kinachoniuma ni mahesabu. 2023 walisema wametoa msaada pauni kama bilioni 15.3, sasa humo ndani bilioni 4.3 zilitumika hapohapo Uingereza kuwahudumia wakimbizi na waomba hifadhi, hoteli zikiwemo. Zaidi ya robo. Na siyo wizi, kanuni za OECD, ile jumuiya ya nchi tajiri, zinaruhusu kuhesabu kama msaada gharama za mkimbizi za mwaka wa kwanza, ila jamani mwenye hoteli wa kule ndo anavuta mpunga halafu kitabuni inasomeka nchi maskini zimesaidiwa?

— Mkuu hao waomba hifadhi si ndo wenzetu wa Sudan na Eritrea? Ulitaka walale nje ili hela ifike kwako?

— Hapana bana, walale ndani, ila bili ilipwe na bajeti ya mambo ya ndani, siyo ile ya chanjo.

— Mi nacheka tu. Abuja 2001 viongozi wetu wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya, waliofika wa kuhesabu, leo tunakagua vitabu vya London.

— Mkuu hapo umegusa penyewe, ila vyote viwili vinakaguliwa. Wao walishabanwa kwa bwawa la Pergau kule Malaysia, msaada wa pauni milioni 234 uliochanganywa na biashara ya silaha, shirika la kiraia la kwao likaenda mahakamani na 1994 likashinda, baadae ikaja sheria ya 2002 kwamba msaada lengo lake liwe kupunguza umaskini. Sasa hiyo ya Abuja sisi tunamshtaki nani, na wapi?