Likizo ya gofu Morisi: tuanzie wapi?

Mama Zuri: Wadau, mimi na mume wangu tunatimiza miaka 20 ya ndoa Agosti. Huwa tunacheza gofu Nyali, Mombasa, kila Jumamosi. Tuna siku sita tu Morisi. Tucheze wapi kwanza?

Fundi wa Shimo: Dada, Île aux Cerfs msiikose! Ni kisiwa kidogo upande wa mashariki, mnavuka kwa boti na fimbo zenu. Uwanja una mashimo 18, aliyabuni mchezaji gofu Mjerumani Bernhard Langer. Bebeni mipira mingi, maji yako kila upande; mimi nilipoteza tisa. Agosti upepo wa kusini-mashariki ni mkali, anzeni alfajiri.

Mama Zuri: Asante kaka. Na viwanja vya gofu vya Bel Ombre?

Salma: Bel Ombre iko kusini, vilima nyuma, bahari mbele. Laleni huko siku mbili. Sweta pia, jioni kuna baridi.