Naomba ushauri: binti yangu, kiungo wa timu ya chuo Marekani, aitikie wito wa timu ya taifa ya soka ya Kenya?

Ndugu zangu, salaam. Binti yangu alizaliwa Ohio, mimi nikiwa Mtanzania na mama yake Mkenya, na sasa ni kiungo mkabaji wa timu ya wanawake ya chuo kimoja cha Daraja la Kwanza la NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani), baada ya kukosa msimu mzima kwa kuchanika ukano wa goti.

Yeye angependa Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, kwa kuwa moyo wake uko Tanga kwa bibi yake, lakini Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na kuukana wa Marekani akiwa bado masomoni naona ni gharama kubwa mno. Kenya imeruhusu jambo hilo tangu Katiba ya 2010, hivyo njia ya Harambee Starlets, timu ya wanawake ya Kenya, iko wazi kupitia kwa mama yake.

Hofu yangu ni ratiba. Ligi ya vyuo huchezwa kuanzia Agosti hadi Novemba, na kiungo anayesafiri Nairobi katikati ya msimu anaweza kurudi akakuta namba yake imechukuliwa, hasa kocha akiwa (samahani kwa kusema hivi) mtu wa kinyongo. Najua mechi ya kirafiki haimfungi mchezaji kwa taifa moja, ila ya mashindano ni suala jingine.

Wenye mabinti waliopitia hali hii, je, mlizungumza na kocha kabla ya kuitikia wito? Na ufadhili wa masomo uliguswa?